Kituo cha sanaa jirani yetu Nkuhungu: darasa la Jumamosi safi sana, hayo mengine tuongee

Wadau wa Dodoma naona wengi mnauliza kuhusu kile kituo cha maonyesho ya sanaa huku upande wetu wa Nkuhungu, kama kweli wanafundisha watoto bure au ni maneno ya kwenye bango tu. Jina silitaji maana kuna sehemu nitawasema na sitaki kesi na mtu, wa huku mnakijua. Mi nakaa jirani kabisa, ukuta wao naupata nikiwa naanika nguo, binti yangu anasoma pale kila Jumamosi, kwahiyo haya ni maoni ya mtu anayeishi nao na sio aliyekuja siku ya uzinduzi akala keki akaondoka.

Jibu la haraka: ndio ni bure, na ni zuri. Ila kituo hiki kina mambo mawili tofauti ambayo wao wenyewe wanayaweka kwenye kapu moja wanaita "huduma kwa jamii". Kuna yale wanayofanya na watu wa mtaani, wanawalipa, wanarudi kila wiki siku ileile saa ileile, hayo yamekaa vizuri. Afu kuna yale wanayoyafanya ili wapige picha wazipeleke kwa mfadhili, na hayo ndo yanawaharibia jina.

Naanza na darasa. Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa sita, watoto wa kuanzia darasa la pili hivi mpaka form two. Wanagawanywa: ngoma, zeze na marimba, na kuigiza. Mwanzoni nilijua watakuwa wanafundishwa na vijana wa chuo waliotoka mjini na spika, kumbe walimu wakuu ni mzee mmoja kutoka vijijini huko Chamwino na akina mama wa kikundi cha muheme, ngoma ya Kigogo ya wanawake, wa hukuhuku kitaa. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma wapo ila wanasaidia tu (na mitihani ikikaribia hawaonekani, msiwategemee).

Huyo mzee ndo sababu mi naandika haya yote. Wiki moja nilienda kumchukua mtoto nikakuta darasa limeisha, watoto wamemzunguka anatengeneza marimba, ile ya Kigogo wanaiita ilimba, sanduku la mbao na vyuma vyake vimepangwa juu. Pembeni kwenye sanduku kuna kitundu, na mzee alikuwa anabandika utando wa buibui kwenye kile kitundu. Sio utani, utando mweupe ule mgumu kidogo ambao buibui anafunikia mayai, kautoa ukutani kwenye choo cha zamani kwa kijiti, kaulainisha kwa mate, kaubandika taratibu kama mtu anayefunga kidonda. Afu akapiga chuma kimoja. Kabla ya hapo sauti ilikuwa safi tu imenyooka, sasa ikaanza kuvuma, ile zzzz inayofuata nyuma ya noti. Mtoto mmoja akauliza "babu utando ukichanika?" akajibu "buibui wapo wengi mjukuu wangu, we usiwe unawaua." Toka siku ile kwangu fagio haligusi kona ya jikoni, binti kapiga marufuku.

Na kwa wasiojua, hii sio ngoma ya kuchezea watalii. Hukwe Zawose ni wa huku Dodoma, kazaliwa kijiji cha Doguye, Nyerere ndo aliyemsikia akamwita Dar, baadae akawa Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981 ambacho sasa hivi ni TaSUBa, akazunguka dunia nzima na zeze na ilimba mpaka akarekodi na lebo ya Real World ya Uingereza. Alifariki 2003. Sasa fikiria mtoto wa Dodoma akitaka kujifunza muziki wa Dodoma miaka yote hii alikuwa anaambiwa apande basi aende Bagamoyo! Kuwa na mzee anayefundisha ilimba Nkuhungu, bure, umbali wa kutembea kwa miguu, mi naona ni kitu kikubwa kuliko ukumbi wenyewe.

Kingine nilichokipenda, wasichana wanashika zeze. Kwa kawaida zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, mwanamke anaimba na kucheza, au anapiga zile ngoma za muheme za kubana katikati ya mapaja. Siku za mwanzo bibi jirani yangu, Mgogo haswa, alivyomuona binti yangu na zeze alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuonyesha kwenye simu Zawose Queens, Pendo na Leah, wa ukoo huohuo wa Zawose, wanawake, 2024 wametoa albamu na wamepiga mpaka tamasha la Glastonbury kule Uingereza. Akaangalia kimya mpaka video ikaisha afu akasema "haya, ila ashike vizuri, upinde anaushika kama mwiko." Sasa hivi bibi ndo anayemkagua. Sisi ni watu wa Mbeya, mume kaletwa na ofisi za serikali zilipohamia huku, nyumbani hakuna anayejua Kigogo, lakini mtoto akirudi Jumamosi anapita kwanza kwa bibi, mbukwenyi (salamu ya Kigogo) kwa sauti ya juu, anaimba alichofundishwa na bibi anamrekebisha maneno. Hii hakuna kituo kinaweza kuiandika kwenye ripoti lakini ndo faida yenyewe. Mtaa wetu huu umejaa wahamiaji, Warangi, Wasukuma, Wachaga, Wanyakyusa, kila mtu na geti lake, wenyeji wanatuona tumekuja kupandisha bei ya viwanja tu.

Akina mama wa muheme nao wanalipwa kila wiki, niliuliza mwenyewe sikuambiwa na kituo. Hela sio nyingi lakini inaingia kwa wakati na wanaiweka kwenye kibubu cha kikundi. Na hawaitwi "wasanii wa kienyeji" wa kuletwa siku ya mgeni rasmi wakapewa soda, wanaitwa walimu. Ukifika mapema saa mbili na nusu utawakuta wamewasha moto wa maboksi nyuma ya ukumbi wanapasha ngozi za ngoma mpaka zikaze, wanazigonga wanasikiliza, wanazirudisha motoni, huku wanapiga umbea. Peleka mtoto wako mapema aone hilo, mi naona anajifunza pale kuliko hata ndani.

Kwa darasa nawapa nyota tano, moja nawakata kwa ajili ya fulana. Mmesema bure, afu wiki mbili kabla ya onyesho la watoto mnatangaza kila mtoto aje na fulana yenye nembo, elfu kumi na tano. Kuna mama ana watoto watatu pale! Wazazi tulilalamika kwenye grupu la WhatsApp mpaka wakasema sio lazima, lakini mnajua mtoto akiwa peke yake hana fulana anavyojisikia. Wangesema toka mwanzo watu wangechanga kidogokidogo.

Kitu cha pili kizuri ni maigizo ya mtaani. Hawa vijana wao wanakuja uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, jioni saa kumi na moja, hamna jukwaa hamna kiingilio, wanapiga ngoma watu wanajaa. La mwisho nililoona lilikuwa la mikopo ya kausha damu, na hapa waligusa penyewe maana huku kila nyumba ya tatu kuna mtu anadaiwa. Stori: mama ana genge, kakopa laki mbili kwa siri mume hajui, rejesho kila wiki, akakopa kwingine kulipa la kwanza, siku ya siku afisa mkopo kaja na vijana wawili kubeba tv na godoro, mama kajificha uvunguni. Wakati wanataka kubeba, yule dada mwongozaji akapiga filimbi, wote wakaganda kama walivyo, mmoja godoro liko kichwani. Akawageukia watu, "haya mama zangu, dada zangu, nyie mngefanyaje?"

Kimya. Watu wanacheka cheka tu. Afu mama mmoja muuza dagaa nnayemjua kabisa, mpole hata kujibu salamu anainamisha kichwa, akakaza kanga kiunoni akaingia katikati. Akamtoa yule muigizaji uvunguni, akasimama yeye. Akamwambia afisa mkopo "kaka angu karibu, kaa. Kabla hujabeba godoro nionyeshe leseni yako ya Benki Kuu." Uwanja ulilipuka. Yule kijana muigizaji alikosa cha kusema, yaani kweli alikosa, sio kuigiza, akabaki anapapasa mifuko. Mama akaendelea "na mkataba niliosaini nipe nakala, mbona hukunipa?" Nilikuja kujua baadae alishanyang'anywa friji mwaka uliopita, hayo maswali alikuwa nayo moyoni muda mrefu tu.

Uzuri hawakuishia kwenye makofi. Walikuja na afisa maendeleo ya jamii wa kata, akaeleza kwamba wakopeshaji wadogo nao wana sheria yao toka 2018 na wanatakiwa wawe na leseni, afu akaeleza ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, kwamba wanawake wametengewa nne, vijana nne, watu wenye ulemavu mbili, haina riba, ila mpaka muwe kikundi kilichosajiliwa. Wengi tulikuwa tunaisikia redioni tu, na wengine walijua ilisimamishwa 2023 hawakujua kama ilirudi. Akina mama walimzunguka mpaka giza likaingia. Nnavyoandika kuna kikundi kimoja kipya kinahangaika na makaratasi, kama watapata au hawatapata ni habari nyingine, ofisi zetu mnazijua.

Mtindo huu wa kusimamisha igizo katikati watu waingie sio wa juzi hapa kwetu. Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar walikuwa wanapeleka sanaa vijijini namna hiyo toka miaka ya 80, wanakijiji wenyewe wanasema shida zao na wanaziigiza, na 1996 ikaja Tuseme kwa ajili ya wasichana mashuleni. Mi mwenyewe sekondari nilikuwa klabu ya Tuseme, tuliigiza mpaka mwalimu wa zamu akajijua ni yeye. Kwahiyo nikiona vijana wamevaa fulana imeandikwa "ubunifu mpya" nacheka kimoyomoyo, lakini wanaifanya vizuri, wamefundishwa vizuri, na hawawasemei watu. Nyota tano hapa, sina la kukata.

Haya sasa tuje huku kwingine.

Tiketi za wenyeji. Wametangaza wakazi wa mtaa wanaingia nusu bei, elfu tano badala ya msimbazi. Safi. Ila ili uipate uende na barua ya serikali ya mtaa au kitambulisho cha NIDA cha kuandikishwa huku. Jamani! Nusu ya mtaa wamepanga, NIDA zao ni za Kongwa, Kondoa, Singida, Mbeya kama mi. Barua ya mtaa unaipata siku mtendaji yupo, na akiwepo unaombwa "mchango wa ofisi", ukijumlisha na muda uliopoteza bora ulipe kumi yako ukae kimya. Mi nilifika getini na mume, mlinzi ananijua kabisa, kila Jumamosi namsalimia, ananiangalia usoni ananiambia "dada nakufahamu lakini utaratibu ndo huo." Si lawama kwake, kaagizwa. Lakini kama Jumamosi mnaandika majina ya watoto na namba za wazazi wote, hiyo orodha si ipo? Mtoto anasoma kwenu, mzazi ni jirani, basi imeisha.

Na maonyesho yanaanza saa moja yanaisha saa nne usiku, saa hiyo daladala za huku zimekata, boda anakuambia elfu tatu mpaka tano kulingana na uso wako. Kwa mtu wa Nkuhungu anatembea, sawa, ila walitangaza mpaka Kizota na Chang'ombe kwamba "majirani karibuni", majirani watarudi na nini? Onyesho moja la Jumapili saa tisa mchana lingejaza ukumbi ule, nawahakikishia. Ukumbi wenyewe usiku nimeingia unakuta viti vya mbele vimejaa wageni wa mjini na magari yao, nyuma wazi.

Mama lishe. Hili liliniuma. Wakati wanajenga, mafundi walilishwa na akina mama wa pale barabarani, wali maharage, chapati, uji. Jengo likaisha, uzinduzi ukafika, asubuhi wakaambiwa watoe meza zao getini "kwa ajili ya muonekano", chakula kikaletwa na kampuni kutoka mjini na vitambaa vyeupe. Siku hiyohiyo kwenye hotuba ilitajwa "kuinua uchumi wa jamii inayotuzunguka" labda mara nne, mama wa chapati akiwa ng'ambo ya barabara anasikiliza kwenye spika. Mwenyekiti wa mtaa alienda kuwaona, kukawa na kikao, na kusema haki walibadilika: sasa hivi siku za onyesho meza sita zinaruhusiwa ndani ya uwanja bila ushuru, kwa zamu. Mishikaki ya yule kaka wa kona na ubuyu wa bibi Asha ndo vinavyofanya watu wabaki baada ya onyesho. Nawapongeza kwa kubadilika ila sitajifanya haikutokea.

Picha za watoto. Hapa sitanii. Nimekuta sura ya binti yangu kwenye bango lao kubwa mjini na kwenye kurasa zao za mtandaoni, maandishi chini "mtoto kutoka mazingira magumu apata tumaini". Mazingira magumu gani?? Baba yake ni mtumishi wa serikali, mama yake ana duka, mtoto anakula milo mitatu na chips za wizi. Hakuna aliyeniuliza. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo toka 2022, na hata isingekuwepo, mtu unamuona kila wiki getini unashindwa kumwambia "mama nanihii tumempiga picha mwanao, tuitumie?" Niliandika barua, bango likashushwa, kwenye mtandao wakafuta maneno wakaacha picha. Sasa wameleta fomu ya ridhaa ya wazazi, imeandikwa Kiingereza kurasa tatu. Msisaini kama hamjaelewa, daini fomu ya Kiswahili, wanayo, iko ofisini ukiuliza.

Afu kalenda. Tamasha lao kubwa la "mtaa kwa mtaa" wanaliweka Februari. Dodoma! Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, Februari Mgogo yuko shambani anapalilia uwele na karanga, hata hawa wa mjini wana mashamba Hombolo na Mpunguzi, Jumamosi nyumba zimefungwa. Ngoma za huku zenyewe ni za baada ya mavuno, kuanzia Juni huko watu wana chakula na nafasi, bibi jirani anasema zamani Februari ukipiga ngoma ya sherehe unaulizwa kama shamba lako limelimwa na mashetani. Nilimuuliza kijana wa ofisini kwanini Februari akasema ni kwa sababu ya mwaka wa fedha wa mfadhili. Basi tamasha lililopita mvua ikanyesha, vikundi viwili vya vijijini vikakwama barabarani, waliobaki uwanjani ni watoto na wapiga picha. Mwezi wa saba kuna upepo na vumbi kweli, macho yatajaa mchanga, lakini watu watakuwepo.

Mengineyo kwa haraka. Vyoo visafi, maji yapo siku nyingi. Kelele: mazoezi ya bendi usiku wa siku za kazi yamepungua baada ya watu kulalamika, sasa saa mbili wanazima. Njia ya kiti cha magurudumu ipo mpaka ukumbini lakini changarawe ya uwanjani inamshinda mtu kabla hajaifikia. Sanduku la maoni lipo, funguo sijui nani anayo.

Kwa hiyo nyota nne darasa, tano maigizo, mbili tiketi, picha sitoi hata moja mpaka wafute ile iliyobaki. Wastani mjipigie wenyewe, mi Jumamosi nampeleka mtoto kama kawaida.

Kujiandikisha msiende dirisha la tiketi, watawazungusha. Pitia mlango wa nyuma upande wa mti wa mbuyu, Jumatano mchana kuna dada mwenye daftari. Zeze limejaa kwa sasa, ngoma na kuigiza nafasi zipo. Mtoto aje na maji yake ya kunywa na kofia, maana darasa la ngoma linafanyika nje na jua la saa tano mnalijua.